Akishatoka wodini: namna ya kumuuguza ndugu aliyepandikizwa uloto

Uloto ni ute laini ulio ndani ya mifupa, unaotengeneza damu. Kuupandikiza hakuna kisu wala chumba cha upasuaji. Mfuko wa chembe changa za kutengeneza damu unatundikwa kama unavyotundikwa mfuko wa damu, chembe zinashuka kwenye mpira ulioingizwa kifuani, na baada ya muda mfupi mfuko umekwisha. Madaktari huiita hiyo siku ya sifuri, na yote yanayofuata huhesabiwa kuanzia hapo: siku ya 10, siku ya 30, siku ya 100. Kabla yake mgonjwa amepewa dawa kali za saratani, pengine na mionzi, hadi uloto wake wa zamani umeisha nguvu. Baada yake analazwa akisubiri ule mpya ushike, jambo ambalo kwa kawaida huchukua wiki 2 hadi 4. Chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zikipanda na kukaa juu, anaruhusiwa. Ndugu wanapiga simu za pongezi na kuuliza atarudi lini kazini.

Hapo ndipo zamu yako inapoanza, kwa sababu anayetoka wodini bado hana kinga ya kutosha hata kwa mafua ya kawaida. Vituo vingi vya upandikizaji haviwezi kuanza matibabu kabla familia haijataja jina la mtu atakayekaa naye usiku na mchana. Wakikuuliza swali hilo, ujue hawaulizi kwa adabu tu.

Mimi nilimuuguza mdogo wangu wa kiume. Alikuwa na saratani ya damu, na uloto (wengine huuita uboho) alipewa na kaka yetu mkubwa. Sikusomea uuguzi. Nilichokuja kukielewa ni kwamba anayeuguza nyumbani hatibu. Kazi yake ni kuona mapema na kusema mapema. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unarudi kwenye hilo. Na pale hospitali yenu inaposema tofauti na mimi, fuata hospitali.

Uloto ni wa nani?

Anza kwa kujua hili, maana watu watakuletea ushauri wa kila aina kutoka kwa "fulani naye alipandikizwa, na baada ya miezi mitatu alikuwa kazini." Muulize huyo fulani alipewa chembe za nani.

Wapo wanaorudishiwa chembe zao wenyewe zilizovunwa na kugandishwa kabla ya dawa kali. Hawa mwili hauna ugomvi na kilichoingia, na kinga yao hurudi mapema zaidi, mara nyingi ndani ya mwaka. Wapo waliopewa chembe za mtu mwingine: ndugu wa tumbo moja, mzazi, mtoto, au mfadhili asiyejulikana aliyepatikana kwenye sajili. Uwezekano wa ndugu mmoja wa baba na mama kulingana kikamilifu na mgonjwa ni 1 kati ya 4, ndiyo maana siku hizi hutumika pia ndugu anayelingana nusu. Hawa wa kundi la pili wanahitaji dawa za kutuliza kinga kwa miezi mingi, wanahitaji kukaa karibu na hospitali walau hadi siku ya 100, na kinga yao huweza kuchukua mwaka mmoja hadi miwili kujijenga. Mengi ninayoandika yanawahusu hawa wa pili, kwa kuwa ndio niliokaa nao. Wa kwanza wanaweza kupunguza ukali wa baadhi ya masharti, kwa ruhusa ya daktari.

Kabla ya kuondoka wodini, usikubali kupewa karatasi tu. Kaa na nesi akuonyeshe, na wewe umrudishie kwa maneno yako: namba ya kupiga mchana, namba ya kupiga usiku na siku za mapumziko, joto gani ni la kupiga simu, kila dawa ni ya nini, nani atabadilisha bandeji ya mpira, na kipimo cha damu kinachofuata ni lini. Uliza pia kuhusu damu ya kuongezewa. Waliopandikizwa hupewa damu iliyopitishwa kwenye mionzi kwanza, na kama siku moja mtajikuta hospitali nyingine usiku, wewe ndiye utakayelazimika kulisema hilo. Jambo jingine la kujua ni kwamba kama kundi la damu la mfadhili ni tofauti, la mgonjwa hubadilika taratibu na kuwa la mfadhili. Kadi yake ya zamani ya kundi la damu isitumike tena.

Homa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea.

Nunua kipimajoto kinachoaminika na kingine cha akiba. Pima asubuhi na jioni kwa saa zilezile, na muda wowote anapojisikia vibaya, anapohisi baridi, au unapomwona amenyamaza kuliko kawaida yake. Pima mdomoni au kwapani kama mlivyoelekezwa, na kama ni mdomoni asiwe ametoka kunywa kitu cha moto au cha baridi. Kipimajoto kisiingizwe kamwe njia ya haja kubwa; mchubuko mdogo pale ni mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu.

Kwa vituo vingi, nyuzi 38 ni simu. Hakuna kusubiri kukuche, hakuna "tumpime tena baada ya saa mbili tuone." Na usimpe parasetamoli kwanza. Dawa ya kushusha homa haiui vijidudu; inakuondolea tu alama pekee uliyokuwa nayo.

Usiku mmoja, wiki chache baada ya kuruhusiwa, nilimkuta mdogo wangu amejikunja, magoti yamegusa kifua. Kipimajoto kilisoma 38.2. Akaniambia, "Dada, ni blanketi tu hili, nimejifunika sana. Lifunue, upime tena." Nikalifunua, na nilipokuwa nalifunua nikaona meno yanagongana. Mtu aliyejifunika mno hutoka jasho, hatetemeki. Nikapiga simu.

Namna ya kusema kwenye simu ni muhimu, kwa sababu anayepokea usiku huenda hamjui mgonjwa wako. Mimi nilikuwa nimeyaandika maneno nyuma ya daftari ili nisibabaike: "Amepandikizwa uloto wa ndugu yake, yuko siku ya kadhaa, anatumia dawa za kutuliza kinga, ana mpira kifuani, joto ni kadhaa tangu saa fulani, na anatetemeka." Sentensi hiyo moja inafungua milango. Mkifika mapokezi, irudie hivyohivyo na ukatae kwa upole kumkalisha kwenye benchi katikati ya wanaokohoa. Mwenye chembe nyeupe chache na homa anatakiwa aanze dawa ya viuavijasumu ya mshipa ndani ya saa moja hivi. Uking'ang'ania hilo, hujakosa heshima. Ukiweza, uwe na barua fupi ya kituo chenu inayosema hayo kwa lugha ya madaktari. Ilituokolea maneno mengi.

Tahadhari moja: mgonjwa anayetumia prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza kinga) au dawa nyingine ya jamii hiyo anaweza kuwa na maambukizi makali bila joto kupanda. Kwa huyo angalia kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupumua haraka, mkojo kupungua, shinikizo la damu kushuka. Na baridi kali inayoanza mara tu baada ya mpira kusafishwa ina maana yake: pengine mpira wenyewe umeingiliwa na vijidudu. Sema hivyo unapopiga simu.

Dawa

Zitakuwa nyingi: za kutuliza kinga, za kuzuia bakteria, virusi na fangasi, za tumbo, za shinikizo. Chora jedwali la wiki nzima, saa upande mmoja na siku juu, na uweke alama baada ya kuona dawa imemezwa, si baada ya kumpelekea. Dozi inapobadilishwa kliniki, na itabadilishwa mara kwa mara, andika upya jedwali zima siku hiyohiyo. Jedwali lenye mistari iliyokatwakatwa ni hatari.

Saiklosporini na takrolimasi, ambazo ni dawa za kutuliza kinga, zina jambo lake. Daktari hupima kiwango cha dawa hizo kwenye damu kabla tu ya dozi inayofuata. Kwa hiyo asubuhi ya kliniki, asiimeze nyumbani. Ibebeni, itolewe damu, kisha ameze palepale. Akiimeza kabla, kipimo kitasoma juu, dozi itapunguzwa bila sababu, na hapo ndipo chembe ngeni zinapopata nafasi ya kuleta vurugu. Kiwango kikizidi kweli, utaona mikono inatetemeka anaposhika kikombe, kichwa kinauma, shinikizo linapanda. Figo nazo huumia kimyakimya, na huumia zaidi akikosa maji mwilini. Akiharisha au kutapika siku nzima, simu.

Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, usirudishe dozi kwa kukisia. Uliza.

Balungi aliache kabisa, tunda na juisi yake, kwa sababu linazuia ini kuvunja dawa hizi na kiwango chake kupanda. Dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki asimeze bila ruhusa. Zinadhoofisha ugandaji wa damu na kuumiza figo. Kisha kuna dawa za miti. Hizi zitaletwa na watu wanaompenda, na kuzikataa ni kazi ngumu kuliko kukataa balungi. Majani na mizizi iliyokaushwa hubeba vimelea vya fangasi, na baadhi hupandisha au kushusha dawa za hospitali bila mtu kujua. Nilikuwa napokea, nashukuru, na kusema: "Daktari amesema chochote kipite kwake kwanza." Hakuna aliyenuna. Daktari hayupo pale kugombana naye.

Prednisoloni ina sura yake pekee. Inampa njaa, inamnyima usingizi, inapandisha sukari, inalegeza mapaja hadi kuinuka kitini kunakuwa shughuli, na inambadilisha mtu tabia. Mpole anakuwa mkali, mkimya anaongea hadi alfajiri. Mpe asubuhi pamoja na chakula ili usiku apate kulala. Isikatishwe ghafla hata kama imeisha usiku na duka la dawa limefungwa. Mwili unakuwa umezoea kutegemea hiyo na unaweza kuanguka. Hesabu vidonge kabla ya mwisho wa wiki.

Chembe za mfadhili zinapomgeuka mwenyeji

Madaktari huliita kwa herufi zake, GVHD. Chembe nyeupe alizopewa ni askari waliohamia nyumba isiyo yao. Wakiamua kwamba ngozi, utumbo au ini la mgonjwa ni adui, wanashambulia. Dozi za kutuliza kinga zipo kwa ajili hiyo. Hazizimi kila kitu, na hilo lina sababu: askari haohao ndio wanaosaka mabaki ya saratani. Ukielewa hivyo, hutashangaa daktari anapokuambia kidogo tu cha ugomvi huu si lazima kiwe habari mbaya.

Kwa miezi ya mwanzo, angalia sehemu tatu. Ngozi: viganja, nyayo, nyuma ya masikio, shingo na uso huanza. Kwa mwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu unaoandikwa kwenye vijitabu. Upele huonekana kama mabaka meusi zaidi au ya zambarau, au hauonekani kabisa ila viganja vinawaka na kuwasha. Tumia mkono wako, utahisi joto au ukavu kabla ya macho kuona. Utumbo: kuharisha maji, mara nyingi ya kijani, tumbo kunyonga, kichefuchefu kisichoisha. Hapa weka aibu pembeni. Mdogo wangu alichukia kupimiwa kinyesi, akawa anavuta maji haraka kabla sijaona. Tukakubaliana: apime mwenyewe kwa chombo chenye alama, aandike mwenyewe, mimi nisome daftari tu. Ikizidi nusu lita kwa siku, kliniki ijue siku hiyohiyo. Ini: tazama weupe wa macho kwenye mwanga wa dirisha, si wa taa, na rangi ya mkojo.

Wakati mzuri wa kuukagua mwili ni baada ya kuoga, anapojipaka mafuta yasiyo na manukato. Dakika chache, bila kumfanya ajione yuko kwenye maonyesho.

Aina nyingine ya ugomvi huu huja taratibu, mara nyingi baada ya miezi mitatu ya mwanzo: macho makavu kama yana mchanga, mdomo usio na mate, ngozi inayokaza, vifundo vya mikono visivyokunjuka, pumzi inayokatika kwenye ngazi ambazo mwezi uliopita alizipanda akiongea. Haya hujificha kwa sababu yanakuja polepole na mgonjwa ameshachoka kulalamika. Kila wiki mwambie aunganishe viganja kama anayesali na ainue viwiko. Kama wiki iliyopita viganja vilikutana vizuri na wiki hii kuna mwanya, mwambie daktari. Jua nalo huamsha ugomvi huu. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na matembezi yawe asubuhi na jioni.

Sasa kuhusu aliyetoa. Kaka yetu aliposikia kwamba chembe zake ndizo zinazomwasha na kumharisha mdogo wake, aliacha kupiga simu. Watu walidhani ana shughuli. Nilimpigia mimi. Akaniuliza kama wangepata mtu mwingine isingekuwa nafuu. Nikamwambia aje na amuulize daktari mwenyewe, na daktari akamweleza kwamba hakuna mfadhili anayechagua jinsi chembe zake zitakavyofanya, na kwamba bila hizo hakungekuwa na mgonjwa wa kuharisha. Kama familia yenu ina mfadhili wa damu moja, mtazame naye. Yeye hana kliniki ya kila wiki ya kumuuliza anaendeleaje.

Chakula, kwa ufupi

Kiive, kibichi kisiwepo: nyama, samaki, mayai, maziwa yasiyochemshwa au kusindikwa. Ubao wa nyama usiwe wa matunda. Kilichokaa nje ya friji zaidi ya saa 2 hakimhusu. Friji iwe chini ya nyuzi 5. Vituo vinatofautiana sana kuhusu matunda na mboga mbichi, vingine vimelegeza, kwa hiyo uliza kwenu.

Kikubwa zaidi ni hamu. Dawa huharibu ladha. Kila kitu kinaweza kuwa na ladha ya chuma kwa miezi. Mama alikuwa akipika anachokipenda mwanawe tangu utotoni na kuumia akirudishiwa sahani. Tukamwomba apike kidogo sana, mara nyingi, na asikae mezani akimtazama akitafuna. Siku ambazo hali kabisa, pigania maji tu. Mpime uzito kila wiki kwa mizani ileile, na uandike.

Vidonda vya mdomoni asukutue kwa maji ya chumvi au dawa aliyoandikiwa, si ile ya dukani yenye spiriti.

Nyumba, wageni na watoto

Mikono inaoshwa kwa sabuni, kwanza yako, kabla ya kumgusa, kabla ya chakula, baada ya choo, baada ya simu na pesa. Hili lisikuchoshe kulisema.

Vumbi la ujenzi, ukungu wa ukutani, udongo wa bustani, majani yaliyooza na maua ya vyungu hubeba fangasi wanaoingia mapafuni. Kama kuna ukarabati jirani, funga madirisha ya upande huo na avae barakoa nzuri akitoka. Asichimbe, asifagie, asisafishe banda wala kinyesi cha mnyama. Mnyama aliyekuwepo nyumbani mara nyingi anaweza kubaki, akitunzwa na mwingine, mpya asiletwe. Maua ya pongezi yapokelewe kwa tabasamu, yaishie sebuleni kwa jirani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone" ni methali nzuri. Kwa miezi hii iwekeni kabatini. Mwenye mafua, kikohozi, kuharisha au vipele asiingie, hata akiwa shangazi aliyesafiri mbali. Wagonjwa wengi hawawezi kumfukuza mgeni, hivyo wewe ndiye mlinda mlango na lawama zikubali. Wachache, wazima, dirisha wazi, muda mfupi. Simu ya video inatosha kwa wengi zaidi ya wanavyodhani.

Watoto wana mambo mawili yanayosahaulika. La kwanza ni tetekuwanga na surua: kama mgonjwa amekaa chumba kimoja na mtoto ambaye kesho yake ametoka vipele, piga simu siku hiyohiyo hata kama mgonjwa ni mzima kabisa, kwa sababu kinga ya dharura hufanya kazi ikitolewa mapema. La pili ni chanjo. Watu wa nyumbani wanatakiwa wachanjwe, hasa ya mafua, lakini chanjo ya polio ya matone hubeba virusi hai vinavyotoka kwenye kinyesi cha mtoto kwa wiki kadhaa. Waambie kliniki ya watoto kwamba mnaishi na mtu aliyepandikizwa, kwa kuwa ipo ya sindano isiyo na virusi hai. Ya rota, inayokinga watoto na kuharisha, nayo hutoka kwenye kinyesi, hivyo nepi zibadilishwe na mtu mwingine, na mikono ioshwe vizuri.

Mgonjwa mwenyewe ataanza chanjo zake za utotoni upya, kwa kuwa uloto mpya haukumbuki zile za zamani. Zisizo na virusi hai huanza kati ya miezi 3 na 12, kutegemea chanjo na kituo. Zenye virusi hai, kama surua, hazitolewi kabla ya miaka 2, na hapo pia kama hana GVHD na ameacha dawa za kutuliza kinga.

Mpira wa kifuani na damu

Mpira usilowe, usivutwe, mkasi usisogee karibu nao. Ukitobolewa, kuna kibanio: bana upande wa mwilini, kati ya tundu na kifua, kisha piga simu. Nesi akuruhusu kujaribu mbele yake kabla hamjaondoka wodini.

Chembe sahani, zile za kugandisha damu, ndizo huchelewa kurudi. Mswaki laini, mashine ya umeme badala ya wembe, viatu hata ndani ya nyumba. Madoa madogo mekundu au meusi kama ncha za kalamu miguuni ni ya kuripoti. Pua ikitoka damu, akae ameinama mbele na kubana sehemu laini ya pua. Ikizidi dakika 15 elekeeni hospitali. Kichwa kinachouma ghafla na kwa ukali, hasa baada ya kujigonga, hakisubiri hata dakika hizo.

Uchovu na hasira

Uchovu huu hauponi kwa kulala. Unaweza kukaa miezi 6, mwaka, hata zaidi, na ndugu wataanza kunong'ona kwamba "amezoea kuuguzwa." Wewe usiwe mmoja wao. Ila usimwache kitandani pia. Kutembea kidogo kila siku, hata kutoka chumbani hadi mlangoni na kurudi, hupunguza uchovu kuliko kupumzika tu. Weka kazi moja ambayo ni yake: kuandika joto lake, kupanga vidonge wewe ukikagua, kukunja nguo zilizofuliwa. Mdogo wangu aliniambia siku moja, "Dada, mimi si mtoto," na alikuwa na haki. Nilikuwa najibu maswali aliyoulizwa yeye na daktari. Tangu hapo kliniki alizungumza yeye kwanza, mimi nikasoma daftari mwisho.

Kusahau majina, kushindwa kumaliza ukurasa, kulia bila sababu, kukasirika kwa kijiko, yote hutokea. Huzuni isiyoondoka kwa wiki, au maneno ya kutotaka kuishi, yanahitaji daktari haraka kama homa inavyomhitaji. Kwa wenye mwenzi, mwulizeni daktari kuhusu tendo la ndoa na uzazi bila kuzungukazunguka. Kuna masharti yanayotegemea chembe sahani na maambukizi, kuna ukavu unaotibika, na mara nyingi uwezo wa kuzaa huathirika. Kulinyamazia hakuliondoi.

Na wewe

Mtu mmoja hawezi kukesha miezi mitatu. Gawa zamu kwa maandishi, na kila anayeshika zamu asome kurasa za homa na dawa kabla ya kukaa. Anayeuliza "nisaidie nini?" mpe jambo lenye siku na saa: lete dawa Jumanne, kaa naye Alhamisi mchana nilale. Ukipata mafua wewe, ondoka chumbani, vaa barakoa, na aliyepangwa kama akiba aingie. Kama hakuna wa akiba, mtafute kabla hujaumwa.

Siku ya 100 itafika, vipimo vitafanyika, kliniki zitapungua, na wengi wataona yamekwisha. Daftari lisifungwe. Macho huweza kupata mtoto wa jicho kwa sababu ya mionzi na prednisoloni, tezi ya shingo huweza kulegea, mifupa kudhoofika, meno kuoza haraka kwa kukosa mate, na ngozi inahitaji kukaguliwa kila mwaka. Kabla kituo hakijamkabidhi kwa daktari wa kawaida, omba muhtasari ulioandikwa: dawa alizopewa na dozi zake, kama alipata mionzi, tarehe ya siku ya sifuri, aina ya mfadhili, na ratiba ya chanjo na vipimo vya miaka ijayo. Nakala moja akae nayo mwenyewe, nyingine kaa nayo wewe.